Kabla Hujabandika Sufuria

Dawa za nyumbani za tumbo zinasaidia, lakini liko swali linalotangulia tangawizi

Hapa Tongoni, kama kilomita 17 kusini mwa mji wa Tanga katika barabara iendayo Pangani, hodi ya usiku wa manane huwa na maana mbili. Ama kuna msiba, ama kuna tumbo. Wageni wanakijua kijiji chetu kwa magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Sisi tunaokaa hapa tunakijua kwa upepo wa bahari, kwa ngalawa, na kwa akina mama wanaokuja alfajiri kuomba kipande cha tangawizi kwa sababu fulani amekesha akijikunja.

Miaka kadhaa iliyopita aliyekesha akijikunja alikuwa wifi yangu. Yalikuwa majira ya kusi, na mumewe alikuwa dago na wavuvi wenzake, siku ya tano hajarudi. Wifi alikuwa na miaka 26 na mtoto mmoja. Jioni alipotoka kuteka maji akasema tumbo linamchoma chini, upande wa kushoto. Mama mkwe akamwangalia, akasema, "Hilo chango, mwanangu. Si la leo hilo." Nasi tukakubali, maana tangu usichana wake kila mwezi tumbo humlaza chini.

Basi tukafanya kama wanavyofanya wanawake wa pwani. Mama mkwe akabandika sufuria ya tangawizi na mdalasini. Jirani yetu, mama wa Kiislamu ambaye tumezoea kupelekeana sahani za sikukuu, yake na yetu, akaja na majani ya mrehani na mafuta ya nazi, akamsugua mgongo. Mimi nikakaanga chumvi ya mawe, nikaifunga kwenye kitambaa, nikamkanda. Wifi akalala. Nakiri kwamba usiku ule nilijivunia chumvi yangu.

Asubuhi akaona damu kidogo, nyeusi. Akasema, "Kumbe ni siku zangu." Tukashukuru. Alasiri akaanguka mlangoni mwa choo. Midomo ilikuwa imepauka kama chokaa, jasho jembamba linamtoka, na analalamika bega. Tukadhani ameliumia alipoanguka.

Tulipofika hospitali mjini, muuguzi aliyetupokea hakushika tumbo kwanza. Aliuliza, "Kabla ya hii damu ya leo, siku zako uliziona lini?" Wifi akahesabu kwa vidole, akanyamaza, akahesabu tena. Yalikuwa yamepita majuma saba. Usiku huohuo alifanyiwa upasuaji. Mimba ilikuwa imetunga nje ya mji wa mimba, ndani ya mrija wa kushoto, na mrija ulikuwa umepasuka. Aliongezwa damu chupa mbili, na Mungu akamrudisha kwetu.

Siku ya tatu yule muuguzi alituambia neno ambalo mama mkwe hulirudia hadi leo. Alisema, "Dawa zenu hazina ubaya, mama. Mliutibu ugonjwa mwingine."

Tulikuwa wanawake watatu wazima ndani ya chumba kile, na wote tumezaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza swali lile.

Jina moja, magonjwa mengi

Neno chango ni kapu kubwa. Hapa pwani msichana akiumwa na hedhi ni chango. Mwanamke asiposhika mimba wanasema ana chango. Mtoto mchanga akilia na kuvuta miguu, chango pia. Jina hilo lina hekima yake, kwa kuwa wazee wetu waliona kwamba tumbo la mwanamke na uzazi wake havitengani. Ubaya wake ni kwamba ukishalitaja unaona kama umekwisha kujua, na kumbe hujajua kitu. Ndani ya kapu lile mna hedhi ya kawaida, mna uambukizo wa viungo vya uzazi, mna uvimbe, mna kichocho, na mna mimba iliyotunga nje ya mahali pake.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kuchuma jani uliza. Siku zake aliziona lini, na zilikuwa kama zake za siku zote? Maumivu haya anayajua, au ni mageni? Yako mahali pamoja anapoweza kuonyesha kwa kidole, au yametapakaa? Yanakuja na kuondoka kama mawimbi, au yamekaa tu na kuzidi? Ana homa? Anatapika? Choo kinatoka, na hewa inatoka? Mkojo unamchoma? Maswali haya yanakwisha kabla maji hayajachemka. Kwa binti ambaye hajaolewa uliza ukiwa naye peke yako, kwa upole na bila kumkazia macho, maana akiogopa fimbo atakudanganya, na uongo wa namna hiyo umeua mabinti. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingine sisi wazazi ndio tunaomfanya afiche.

Mwanamke yeyote aliye katika umri wa kuzaa, aliyepitiliza siku zake au aliyeona damu isiyo ya kawaida, kisha tumbo likamuuma chini, na hasa upande mmoja, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akisikia kizunguzungu, akazimia, au akiumwa ncha ya bega, ni saa hiyohiyo. Lile bega la wifi halikuumia mlangoni. Damu inapomwagika ndani ya tumbo huchokoza kiwambo kilicho chini ya mapafu, na maumivu yake husikika begani. Mimba ya namna hii hutokea kwa mwanamke mmoja au wawili katika kila wajawazito 100, na mara nyingi hujitokeza kati ya juma la sita na la nane, wakati wengine hata hawajajua kwamba wana mimba. Kitanzi, sindano au kufunga uzazi havikuondolei shaka moja kwa moja. Mimba ni nadra kwa wanaotumia njia hizo, lakini ikitokea kwa mwenye kitanzi au aliyefunga uzazi, uwezekano wa kutunga nje ni mkubwa zaidi.

Tumbo la siku za mwezi

Sasa tuje kwenye tumbo lile tunalolijua, ambalo dawa za jikoni ni zake hasa. Ni lile linaloanza siku moja kabla ya hedhi au siku yenyewe, likabana chini ya kitovu, likashuka mapajani na kupanda kiunoni, likakaa siku mbili tatu kisha likapoa, na mwezi ujao likarudi vilevile.

Kinachouma ni msuli. Mji wa mimba ni msuli, na wakati wa hedhi mwili hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini zinazoufanya ubane ili utoe utando wake. Kemikali hizo zikizidi, msuli hubana mpaka damu inapita kwa shida, na ndipo mtu anapojikunja. Prostaglandini hizo huchokoza utumbo pia, na ndiyo maana wengine huharisha na kutapika siku ya kwanza. Si uvivu wala si deko, kama wanavyosema baadhi ya mashangazi.

Joto ni dawa ya kwanza, tena ya kweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulipima kitambaa cha joto la nyuzi karibu 39 kilichofungwa tumboni mchana kutwa, ukaona kinatuliza maumivu ya hedhi sawasawa na vidonge vya ibuprofeni. Bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa. Waweza kutumia chumvi iliyokaangwa kama yangu, au chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kanga. Jaribu kwanza kwa ndani ya kiwiko chako. Joto liwe la kustahimilika, lisiunguze, maana nimeona tumbo lenye baka jeusi la moto lililobaki muda mrefu baada ya chango kuondoka. Na jiko la mkaa usiliingize chumbani ukafunga mlango. Hewa yake haina harufu na inaua.

Tangawizi nayo imepimwa. Wanawake waliopewa unga wa tangawizi siku tatu nne za mwanzo wa hedhi, kiasi cha gramu moja hadi mbili kwa siku, walipata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hapa kwetu twaa kipande kibichi cha ukubwa wa kidole gumba, ponda, chemsha kwa vikombe viwili vya maji kwa dakika kumi, kunywa kutwa mara mbili au tatu ukianza mara tu unapohisi dalili. Mdalasini waweza kuongeza. Mchaichai ni mzuri kwa sababu mtu hunywa kitu cha moto akatulia, nami sitaudai zaidi ya hapo. Mwenye kiungulia au vidonda vya tumbo apunguze tangawizi, na anayetumia dawa za kuzuia damu isigande amwulize daktari kwanza.

Kutembea husaidia, ingawa anayeumwa hataki kusikia. Kusuguliwa kiuno na mgongo kwa mafuta ya nazi husaidia pia, ila tumbo lenyewe lisikandamizwe kwa nguvu.

Na vidonge? Wako akina mama wanaoona ni vibaya kumpa binti kidonge kila mwezi. Mwingereza John Vane alionyesha mwaka 1971 kwamba aspirini hufanya kazi kwa kuuzuia mwili usitengeneze prostaglandini, na mwaka 1982 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Waswidi wawili. Ibuprofeni ni ya ukoo huo. Ndiyo sababu ikinywewa mapema, maumivu yanapoanza, inasaidia kuliko ikinywewa mtu akiwa tayari analia. Kwa mtu mzima ni miligramu 200 hadi 400, baada ya chakula, kila baada ya saa nane, kwa siku mbili tatu. Asinywe mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye pumu inayochokozwa na dawa hizo, wala mjamzito. Huyo wa mwisho anaturudisha kwenye swali letu la kwanza. Panado ni nyepesi zaidi, na vidonge vyake vya miligramu 500 visizidi vinane kwa saa 24.

Lakini lipo tumbo la hedhi ambalo si la kuvumilia. Binti anayekosa shule kila mwezi, mwanamke ambaye maumivu yake yanazidi mwaka hadi mwaka, anayeumwa wakati wa tendo la ndoa au anapokwenda haja kubwa siku zake, huyo aonwe na daktari wa magonjwa ya wanawake. Kuna ugonjwa uitwao endometriosisi, ambapo utando kama ule wa ndani ya mji wa mimba huota nje yake, nao huweza kuzuia uzazi. Somo au mama mkwe akimwambia, "Ukizaa litaisha," anamwambia jambo ambalo kwa wengine hutokea. Lakini mwenye ugonjwa huo anaweza kusubiri mtoto ambaye ugonjwa wenyewe ndio unamzuia.

Tena kwa sisi wa Mkoa wa Tanga kuna kichocho. Baharini hakipo, kwa hiyo watoto wetu wa Tongoni wanaoogelea pwani si hao ninaowasema. Lakini wengi wetu tumeolewa hapa tukitoka bara, tulikochota maji na kuoga mitoni na madimbwini utotoni. Kichocho cha mkojo huweza kukaa miaka katika viungo vya uzazi vya mwanamke, kikamletea maumivu ya chini ya tumbo, uchafu na damu baada ya tendo la ndoa. Mara nyingi mwanamke huyo huambiwa ana ugonjwa wa zinaa, na nyumba inaingia moto. Mweleze daktari ulikulia wapi. Dawa yake ni prazikwanteli.

Matumbo mengine ya nyumbani

Gesi na kuvimbiwa sina haja ya kuwaeleza sana wapishi. Iliki, bizari nyembamba na mnanaa hulegeza utumbo, na maharage yakilowekwa usiku, maji yale yakamwagwa, yanakuwa na adabu zaidi. Lakini tumbo la juu linalochoma ukiwa na njaa, likakuamsha usiku, likarudi miezi na miezi, si gesi. Huenda ni vidonda, na mara nyingi chanzo chake ni kijidudu kinachopimwa na kutibiwa kwa dawa za siku 14. Anayeendelea kumeza magadi ananunua nafuu ya saa moja.

Kwa tumbo la kuharisha, mama wa pwani hukimbilia majani ya mpera. Kikombe cha maji yake kwa mtu mzima hakina neno, kinapunguza. Kwa mtoto kinachoua ni kukaukiwa maji, kuliko kule kuhara kwenyewe. Mwaka 1971 wakimbizi wa vita ya Bangladeshi walipofurika India, kipindupindu kilikuwa kikiua karibu watu 30 kati ya kila wagonjwa 100 katika kambi ya Bangaon. Chupa za maji ya mishipani ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya maji, chumvi na sukari, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe, na vifo vikashuka chini ya 4 kati ya 100. Mchanganyiko wenyewe kila jiko linao: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari visawazishwe, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja, yasiwe na chumvi kuliko machozi. Pakiti za zahanati ni bora zaidi, pamoja na vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, na nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6. Dafu ni kinywaji kizuri, lakini chumvi yake ni chache, hivyo halitoshi peke yake. Mtoto akiwa na damu kwenye choo, macho yameingia ndani, au hawezi kunywa, usipoteze muda kuchanganya chochote. Nenda, ukimnywesha njiani.

Kwa mtoto mchanga nitasema wazi, hata kama mama mkwe atanuna. Chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Kilio cha jioni cha mtoto wa majuma matatu hadi miezi mitatu, anayenyonya na kunenepa, huja na huondoka chenyewe. Mpakate kifuani, mcheulishe, msugue tumbo taratibu kwa kiganja chenye mafuta ya nazi. Gripe Water tuliyoirithi kwa Waingereza ilianza Nottingham mwaka 1851, na ile ya awali ilikuwa na kileo, kwa hiyo si ajabu watoto walilala. Mtoto akitapika nyongo ya kijani, tumbo likiwa gumu, au akilia kwa vipindi huku akitoa choo cha ute wenye damu, utumbo wake huenda umejifunga au umeingiana, na huyo ni wa upasuaji.

Kuna tumbo jingine linalotudanganya, la kidole tumbo. Huanza kitovuni, mtoto anakataa chakula, kisha baada ya saa kadhaa maumivu yanahamia chini upande wa kulia, na akitembea anainama. Huyu usimkande kwa moto, wala usimpe haluli, wala mafuta ya mbarika, wala usimpige bomba. Kidole tumbo kilichovimba kikisukumwa hupasuka. Ugonjwa huu hauna heshima kwa mtu. Mwaka 1902 Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alikuwa atawazwe tarehe 26 Juni, wageni wa dunia nzima wamekwisha fika London, na tarehe 24 madaktari wakampasua kwa sababu ya kidole tumbo. Alitaka kuvumilia mpaka sherehe ipite. Walimkatalia, akatawazwa Agosti akiwa hai.

Yasiyofaa kuingia kinywani

Mjamzito asipewe mti wowote kwa sababu ya tumbo. Shubiri, mizizi ya mlonge na mafuta ya mbarika vinaweza kuuchokoza mji wa mimba. Zile dawa za kuongeza uchungu zinazonyweshwa kwa siri kabla ya kwenda kujifungua huubana mji wa mimba bila kipimo, mtoto anakosa hewa, na mji wenyewe unaweza kupasuka. Wakunga wanajua, na wanachoomba ni kuambiwa ukweli umekunywa nini. Udongo wa kula nao, tunaoupenda tukiwa na mimba, unafunga choo na kuleta minyoo.

Baada ya kujifungua tumbo hubana unaponyonyesha. Hiyo ni kawaida, mji wa mimba unarudi mahali pake. Ukiwa na homa, au uchafu wenye harufu mbaya, maji ya kukandwa hayatatosha.

Nisieleweke kwamba nadharau tiba ya asili. Muhimbili wana taasisi inayochunguza miti yetu, kazi iliyoanza mwaka 1974, na sheria ya mwaka 2002 imeunda baraza la kusajili waganga wa tiba asili na dawa zao. Hapa Tanga, tangu mwaka 1990, Tanga AIDS Working Group iliwaketisha pamoja waganga na madaktari wa hospitali. Mganga mwema atakwambia mwenyewe, "Hili peleka Bombo."

Na wale wanaosema kwenda hospitali ni upungufu wa imani, wakumbuke kwamba Mtume Paulo hakumwambia Timotheo avumilie tumbo lake. Alimpa ushauri wa dawa, na katika safari zake alikuwa na Luka tabibu. Usiku ule wa wifi tuliomba sana, tukiomba ndani ya bajaji.

Kilichotuchelewesha

Nikifikiri tena, dawa zetu zilitupotezea usiku mmoja. Saa nyingine tulizipoteza kwa jambo ambalo halimo katika vitabu vya afya. Mume yuko dago, simu yake haipatikani, na mama mkwe anaogopa kumtoa mke wa mtu nyumbani bila ruhusa. Nauli nayo haikuwepo. Tulikopa kwa mwenye duka.

Umoja wetu wa wanawake kanisani ulizungumza jambo hili bila kuficha. Sasa kuna fedha kidogo katika kisanduku, zisizoguswa kwa harusi wala sare, na mama yeyote wa kijiji, awe wa kanisa au wa msikiti, huchukua nauli kwanza na kueleza baadaye. Na kila mama ameambiwa azungumze na mumewe kabla hajasafiri, amwulize waziwazi, "Nikiugua usiku wewe hupo, nani anasema nenda?" Wanaume wengi walishangaa kwamba ruhusa yao ilikuwa ikisubiriwa. Aidha, tangu mwaka 2022 Serikali imeeneza mfumo uitwao m-mama, ambapo mjamzito, mzazi au mtoto mchanga aliye hatarini hutafutiwa usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo. Iandike ukutani kwa mkaa kama huna kalamu.

Wifi alipona. Mrija mmoja ulibaki, na miaka miwili baadaye alizaa mtoto wa kike. Ujauzito ule alikwenda kliniki mapema sana, kwa kuwa aliyewahi kupata mimba ya nje yumo katika hatari ya kuipata tena, na lazima ionekane kwa kipimo kwamba imekaa mahali pake.

Juzi alfajiri binti wa jirani yetu alipiga hodi, ameshika tumbo, kuomba tangawizi. Mama mkwe alikwisha nyanyuka kuifuata jikoni. Wifi akamshika binti mkono, akamketisha kwenye mkeka, akamwuliza taratibu, "Siku zako umeziona lini?"

"Jana jioni, dada. Na mwezi uliopita tarehe hizihizi."

"Upande mmoja, au kote?"

"Kote. Kama siku zote."

Wifi akamwangalia mama mkwe, akatikisa kichwa kukubali, na sufuria ikabandikwa.